Chui wa Unguja na Jamaa Zake

Wasomaji wetu wengi wamemjua chui. Wasiomwona kwa macho wamemsikia usiku akikoroma kama msumeno ukatao ubao, na asubuhi wakaona nyayo zake karibu na zizi la mbuzi. Kwa hiyo hatuna haja ya kueleza umbo lake. Lakini ni wachache wajuao ya kwamba chui wa Unguja hakuwa sawa na chui wa mrima, ijapokuwa mtu akipata mashua na upepo mwema huvuka toka Bagamoyo hata Unguja kwa siku moja.

Chui wa Unguja alikuwa mdogo kuliko mwenziwe wa bara. Tena madoa yake yalikuwa ya namna nyingine. Chui wa bara, ukimtazama ubavuni, madoa yake mengi ni kama maua au pete zilizokatika katika. Ya chui wa kisiwani yalikuwa yamevunjika kuwa madoa madogo madogo yaliyosongamana. Mwaka 1932 mtaalamu mmoja wa London, R. I. Pocock, alizichunguza ngozi za chui wa Afrika, akaona tofauti hiyo, naye akampa chui wa Unguja jina lake mwenyewe katika vitabu vya elimu: adersi. Jina hilo lilitolewa kwa heshima ya Dr. Aders, aliyekuwa mtaalamu wa elimu ya viumbe katika serikali ya Unguja. Yule paa mdogo mwekundu aitwaye paa nunga naye ana jina hilo hilo.

Basi swali letu ni hili: ikiwa chui ni yule yule, ni nini kilichomgeuza?

Tuanze na bahari. Yapata miaka 20,000 iliyopita dunia ilikuwa na baridi kuu. Maji mengi yaliganda yakawa milima ya barafu huko kaskazini, na bahari zote zikapungua. Maji yalishuka kama mita 120 chini ya pale yalipo leo. Mlango wa bahari kati ya Unguja na mrima hauna kina kikubwa hivyo, kwa hiyo siku zile palikuwa nchi kavu, na mnyama aliweza kwenda kwa miguu toka pwani hata mahali palipo Jambiani sasa. Ushahidi upo. Katika pango la Kuumbi, upande wa kusini wa kisiwa, wachimbaji wamekuta mifupa ya punda milia na ya nyati, wanyama ambao hakuna mtu aliyepata kuwaona Unguja katika historia. Barafu ilipoyeyuka, bahari ikapanda tena, na yapata miaka 10,000 iliyopita Unguja ikawa kisiwa. Punda milia na nyati walikwisha. Chui alibaki, pamoja na paa wadogo, kima na ndege, naye akaishi kwa kula hao. Pemba ni habari nyingine: bahari iliyo kati yake na mrima ina kina cha mamia ya mita, haikukauka hata wakati wa baridi kuu, na huko hakukuwa na chui.

Hapa pana kosa ambalo watu wengi hulikosa, nasi twaomba walimu walitazame vema kabla ya kuwafundisha watoto. Mtu aweza kudhani ya kwamba chui wa kwanza aliyefungiwa kisiwani alipungua mwili kwa kukosa nyama, kisha akazaa watoto wadogo kwa sababu yeye mwenyewe amekonda. Sivyo. Mtu aliyekatwa kidole na panga huzaa mtoto mwenye vidole vitano. Kinachorithiwa si yale yaliyompata mzazi, bali ni ile asili aliyozaliwa nayo, ambayo wataalamu huiita jeni.

Kazi yenyewe huendeshwa namna nyingine, na mkulima aijua kuliko mtu wa mjini. Watoto wa tumbo moja hawafanani. Huyu mkubwa, huyu mdogo, huyu madoa yake mapana, huyu membamba. Katika nchi yenye pofu na nyati, mwenye mwili mkubwa ana faida. Lakini katika kisiwa chenye paa wadogo tu, mwenye mwili mkubwa atahitaji nyama nyingi asiyoipata. Mdogo hushiba kwa kidogo, huishi, huzaa, na watoto wake hurithi udogo ule. Ni kama mkulima achaguaye mbegu za mahindi kila mwaka, ila hapa mchaguzi si mtu, ni nchi yenyewe: msitu, jangwa, baridi, na aina ya chakula kilichopo. Hayo huendelea vizazi kwa vizazi, wala hapana chui hata mmoja ajuaye ya kuwa anageuka.

Lakini uchaguzi peke yake hautoshi. Kama chui wakubwa wa mrima wangalikuwa wakivuka kila mwaka na kuzaa na wale wadogo, damu zingalichanganyika na tofauti ingalifutika. Bahari ndiyo iliyozuia. Tena pana jambo la tatu, nalo ni bahati. Wanyama wakiwa wachache, tabia fulani huweza kuenea bila kuwa na faida yo yote, kwa kuwa tu wale wachache waliobaki walikuwa nayo. Huenda madoa madogo ya chui wa Unguja yalimsaidia kujificha katika vichaka vya mawe ya matumbawe. Na huenda yalikuwa ni bahati tu.

Msomaji wa Kiswahili ana mfano mwepesi wa mambo haya kinywani mwake. Mtu wa Unguja na mtu wa Mombasa na mtu wa Lamu husema kila mmoja kwa namna yake, lakini husikilizana. Mtu wa Ngazija lugha yake ni ndugu ya Kiswahili. Hata hivyo Mswahili akifika huko huyasikia maneno mengi kama ya nyumbani, asiweze kufuata mazungumzo. Asili ni moja, ila umbali na muda vimezidi. Wanyama nao ndivyo walivyo. Katika makala haya tutaita kabila wale waliotofautiana kidogo, kama Kimvita na Kiunguja, na tutaita aina wale waliokwisha achana kabisa.

Je, chui wa Unguja alikuwa amefika wapi katika njia hiyo? Bwana Pocock alimhesabu kuwa kabila. Lakini mwaka 2017 wataalamu wa paka wa dunia nzima walipotengeneza orodha mpya, wakitazama jeni pamoja na ngozi na mafuvu, waliwaweka chui wote wa Afrika katika kabila moja, na yule wa Unguja ndani yake. Sisi hatuoni ya kwamba neno hilo lamfanya Pocock kuwa mwongo. Macho yake yaliona sawa. Chui yule alikuwa tofauti kweli. Ila miaka 10,000 kwa chui ni kama jana. Ilitosha kugeuza mwili na madoa, haikutosha kuitenga damu.

Orodha ile ina kabila 8 za chui. Mmoja wao ni chui wa Arabuni, ambaye wasomaji wenye jamaa Omani pengine wamepata habari zake. Hukaa katika milima mikavu, kama ile ya Dhofar, na rangi yake ni hafifu. Dume lake lina uzito wa kilo 30 hivi, ambapo dume la Afrika huweza kupita kilo 60. Huko bahari haikumfanya awe mdogo, ni uhaba wa nyama na maji. Na mbali sana, mpakani mwa Urusi na China, yuko chui wa theluji nyingi ambaye manyoya yake ya wakati wa baridi ni marefu na mazito, kama mtu aliyevaa blanketi.

Sasa tumtazame mnyama aliyefika mwisho wa njia. Katika misitu ya Asia, toka milima ya Nepal hata Malaya, na katika visiwa vya Sumatra na Borneo, yuko paka aitwaye chui wa mawingu. Si chui wa kweli. Uzito wake ni kilo 11 hata 23 hivi, hupanda miti kwa ustadi mwingi, na hushuka kichwa chini kama kindi. Ameitwa hivyo kwa sababu mabaka ya ubavuni mwake yafanana na mawingu. Mwaka 1821 Mwingereza Griffith alimpa jina la nebulosa, na mwaka 1823 Mfaransa Cuvier akamwita yule wa visiwani diardi. Waliokuja baadaye wakasema hapana, hawa ni mnyama mmoja, na kwa muda mrefu jina la pili likasahauliwa.

Mwaka 2006 wataalamu wakayarudia mambo yale kwa vyombo vipya. Wengine walipima jeni, wengine walizitandaza ngozi za makumbusho na kuzilinganisha. Wote wakaona jambo moja. Yule wa visiwani ana mawingu madogo yenye madoa mengi ndani yake, na rangi yake ni ya kijivu zaidi. Yule wa bara ana mawingu makubwa na manyoya ya manjano. Na jeni zao zilionyesha ya kuwa wametengana yapata miaka 1,400,000, labda zaidi. Hao si kabila mbili, ni aina mbili, kama simba na chui walivyo aina mbili. Cuvier alikuwa amesema kweli, ikapita miaka 183 kabla ya kuaminiwa tena.

Msomaji mwenye akili atauliza: kama bahari ilishuka wakati wa baridi kuu hata Unguja ikaungana na mrima, je, Sumatra na Borneo hazikuungana na Malaya? Ziliungana, tena mara nyingi. Bahari ya huko haina kina. Kwa nini basi chui wa mawingu hawakurudiana? Wataalamu wengine wadhani ya kuwa nchi ile iliyotokea baharini haikuwa msitu mtupu. Palikuwa na nyika za majani katikati. Kwa mnyama wa nyikani hiyo ni barabara. Kwa mnyama akaaye mitini, nyika ni bahari. Nasi twaona kwamba hapa ndipo penye kiini cha somo letu: mpaka si mpaka kwa kila mnyama, bali hutegemea yeye anaishi vipi. Maji yamzuiayo simba hayamzuii ndege, na msitu umfichao mmoja humfungia njia mwingine.

Simba mwenyewe ndiye ushahidi. Watu wengi hudhani ya kwamba simba wa Afrika wote ni kabila moja, na wale wachache walioko Bara Hindi, katika msitu wa Gir, ni kabila ya pili. Hata vitabu vilisema hivyo. Simba wa Gir kweli ana sura yake: dume lina nywele haba shingoni hata masikio huonekana, na chini ya tumbo pana mkunjo wa ngozi uning'iniao. Lakini jeni zikatoa hukumu nyingine, na orodha ya mwaka 2017 ikaifuata. Simba wa Bara Hindi ni jamaa wa karibu wa simba wa Afrika ya Magharibi, nao ni kabila moja. Simba wa Serengeti na wa Afrika ya Kusini ni kabila ya pili. Maana yake, simba wa Senegal na simba wa Gir, waliotengwa na safari ya maelfu ya kilomita, ni ndugu zaidi kuliko simba wa Senegal na simba wa Tanganyika ya zamani, ijapokuwa hawa wawili wako katika bara moja.

Sababu ni njia. Zamani simba walienea toka Afrika ya Kaskazini, wakapita Shamu na Iraki na Uajemi hata Bara Hindi, mnyororo mmoja usiokatika. Lakini toka magharibi kuja kwetu pana msitu mkubwa wa Kongo, na simba hakai ndani ya msitu mnene. Hali ya hewa ilipokuwa ya mvua nyingi msitu ule ulitanda. Ilipokuwa kavu jangwa la Sahara nalo likatanda kutoka kaskazini. Pande hizo mbili zikakaa mbalimbali muda mrefu. Mnyororo wa Asia ulikatwa na watu wenye bunduki siku za karibu tu, na simba wa mwisho wa Uajemi walikwisha katika karne ya 20.

Tena mahali hufanya jambo moja la ajabu: huwafananisha wasio ndugu. Katika misitu ya Uganda, Kongo na Afrika ya Magharibi yuko paka mwenye rangi ya dhahabu au ya kijivu, asiyeonekana sana na watu. Asia nayo ina paka wa dhahabu wa msituni, toka Nepal hata Sumatra. Kwa sababu ya sura zao wataalamu wengi waliwaweka pamoja. Jeni zao zilipochunguzwa ikaonekana ya kuwa paka wa dhahabu wa Afrika hana udugu wa karibu na yule wa Asia. Ndugu yake ni simbamangu, yule paka wa nchi kavu mwenye miguu mirefu na masikio yenye vishungi vyeusi, arukaye juu na kunyaka ndege. Na mondo ni binamu yao. Babu mmoja, yapata miaka 2,000,000 iliyopita, uzao wake ukagawanyika: wengine msituni, wengine mbugani. Atakayewaona leo hatasema ni ndugu. Mwalimu aweza kuwaambia wanafunzi wamtazame mnyama bila kuharakisha kumpa ukoo, maana vazi si nasaba.

Tumesema kutengwa huzaa tofauti. Sasa yatupasa kusema ya kwamba kutengwa huua pia.

Wanyama wakiwa wachache na wamefungiwa, huoana ndugu kwa ndugu, na kasoro zilizofichika katika damu hutokea. Tunao mfano nchini. Shimo la Ngorongoro ni kama kisiwa: chini ni mbuga yenye nyama tele, kuzunguka ni ukuta wa mlima. Mwaka 1962 mvua zilizidi, wakazuka inzi wengi wenye kuuma, na simba wa shimoni, ambao walikuwa kama 60 au zaidi, wakafa hata wakabaki kama 10. Madume machache yakaingia kutoka nje, simba wakaongezeka tena, lakini baadaye wataalamu walikuta damu yao imekuwa ya namna moja mno, na mbegu za madume zina kasoro nyingi kuliko za simba wa Serengeti. Chakula hakikuwapungukia. Waliokosa ni wageni.

Maradhi nayo huonyesha tofauti ya walio wengi na walio wachache. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uliingia Serengeti ukaua yapata theluthi ya simba, kama 1,000. Ni msiba mkubwa, lakini waliosalia walikuwa wengi katika nchi pana, wakazaa wakarudisha hesabu. Mwaka 2018 ugonjwa huo huo uliua simba zaidi ya 20 huko Gir. Hesabu ya mwaka 2020 ilikuta huko simba 674. Hao ndio simba wote wa porini waliobaki Asia, nao wote wako katika pande moja la nchi. Ugonjwa ukizidi nguvu, hapana mahali pa kuchukua mbegu.

Na chui wa Unguja? Yeye hakuuawa na damu yake. Watu wa kisiwa waliamini ya kuwa baadhi ya chui hufugwa na wachawi na kutumwa kudhuru watu. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ikapigwa vita ya kuwasaka wachawi na chui pamoja. Misitu nayo ikapungua, na paa wakawindwa. Katika bara, chui wa wilaya moja wakimalizwa, wengine huja toka wilaya ya pili baada ya miaka. Kisiwani hapana wilaya ya pili. Ilipofika miaka ya 1990 watafiti waliona hakuna tumaini kubwa la kumkuta. Mwaka 2018 watu wa televisheni toka Marekani walionyesha picha ya usiku ya chui waliyesema ni wa Unguja, lakini haukutolewa uthibitisho wa kutosha. Zimebaki ngozi chache katika makumbusho, na mmoja aliyejazwa na kusimamishwa kama aliye hai aliwekwa katika makumbusho ya Unguja.

Twaongeza neno moja kwa wazee na wenyeviti wanaogawa ardhi. Kisiwa hakihitaji bahari. Mashamba yakizunguka mbuga pande zote, simba aliye ndani yuko kisiwani, sawasawa na chui aliyezungukwa na maji. Kati ya Tarangire na Ziwa Manyara pana njia ya wanyama iitwayo Kwakuchinja. Imebanwa na mashamba, nyumba na barabara kuu. Mahali palipo wazi bado nyumbu na punda milia hupita, na simba huwafuata nyuma usiku.